Theluji Haisomwi kwa Koti la Haji

Siku ile dukani Ruti, mjini Mbarara, tulikuwa watano, na nawataja wote hapa mwanzoni ili baadaye asitokee mtu wa sita akasema naye alikuwepo. Alikuwepo Haji Twaha, mwenye duka, anayekodisha viatu, kamba na makoti kwa watu wa Mbarara wanaokwenda kupanda Rwenzori. Alikuwepo Mwalimu Kemigisha wa Biharwe, anayefundisha jiografia, aliyekuja kwa niaba ya walimu wenzake waliotaka kupanda likizo ya Agosti. Alikuwepo mdogo wangu Byamungu, ambaye ndiye angewaongoza. Alikuwepo Mzee Masereka, mwongozaji wa zamani, ameketi juu ya kreti la soda, fimbo yake katikati ya magoti. Na mimi Nsimire, mkazi wa Misiera kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale: fundi viatu, kisha mpagazi, kisha mwongozaji, na sasa mstaafu ambaye magoti yake yalistaafu kabla yake.

Nawaandikia ninyi vijana wa kambini mnaoanza kazi hii. Kila mkinikuta sokoni mnaniuliza swali moja: Mama Nsimire, mwaka huu baridi ni ndogo, mlima utakuwa mzuri au mbaya? Mnataka jibu la neno moja ili mwende zenu. Sina jibu la neno moja. Nina habari za siku ile, na za kosa nililofanya miaka kadhaa kabla yake. Kaeni.

Jambo lililokuwa mbele yetu lilikuwa hili. Mzee Masereka alitaka kupanda tena. Hakutaka kilele. Alitaka afike ukingo wa theluji, aiguse kwa mkono, ashuke. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na daktari wa macho hapo Mbarara alikuwa amemwambia kwa upole kwamba kama kuna kitu anapenda kukitazama, akitazame mapema. Na theluji yenyewe inapungua. Ninyi mnaoanza leo hamtaamini nikiwaonyesha mwamba ambao zamani tulianzia kuvaa vyuma vya kukanyagia barafu. Kwa hiyo Mzee alikuwa anakimbizwa na vitu viwili, macho yake na ile barafu, na hakujua kipi kitatangulia kwisha.

Njia ya chini angeitembea mwenyewe polepole, kwa fimbo. Sehemu ya mwisho ingebidi abebwe, kwa sababu nyonga yake ya kushoto haikunjiki vizuri. Byamungu alikuwa ametafuta engozi, ile machela ya kusukwa ambayo watu wa milima ya huku hubebea wagonjwa, na wanaume wanne wa kuibeba.

"Yaya, batu bane bako tayari," aliniambia. "Bana nguvu. Tutamubeba kama yai. Weye sema tu ndiyo."

Yaya, yaani dada mkubwa, ndiye mimi. Kwetu Kivu mkubwa wako humwiti kwa jina. Byamungu sasa ana ndevu na watoto, lakini akinitaka jambo sauti inarudi kuwa ile ya mtoto anayeomba sukari.

Neno hilo "ndiyo" ndilo walilokuwa wanalisubiri wote wanne. Katika duka lile mimi ndiye niliyekuwa ninasoma majira.

Mwaka ule baridi haikuja. Juni na Julai, asubuhi za Misiera kwa kawaida unaongea na moshi unakutoka mdomoni, na wanawake wanakwenda kuchota maji wamejitanda blanketi mabegani. Mwaka ule blanketi zilibaki vitandani. Mjini Mbarara kipimo chao ni koti la Haji Twaha. Haji ni mtu wa kusikia baridi upesi. Ana koti la sufu, refu, alilolipata kwenye mivumba, nguo za mitumba, lina nembo ya shule ya nchi ambayo hata yeye haijui, na likionekana tu mlangoni Ruti nzima inaambiana kuwa baridi imefika. Mwaka ule Haji alikaa Julai nzima kwa kanzu peke yake, anajipepea na kifuniko cha boksi la viatu.

"Mimi nasema hivi," alisema siku ile. "Koti yangu iko kwa nyumba, imelala. Baridi hakuna. Mzee atapanda kama anaenda kwa harusi."

"Haji, mbona unasema kinyume?" Mwalimu Kemigisha akamkatiza. "Kama hakuna baridi, barafu inayeyuka. Ikiyeyuka, watu wanaanguka. Hiyo hata watoto wa P.6 wanaijua."

"Watoto wako wamepanda mulima?"

"Na wewe umepanda?"

"Mimi nimepandisha viatu, nyabo," Haji alimjibu, akimwita kama wanawake wanavyoitwa huku kwa heshima. "Viatu yangu imefika juu mara mingi kuliko mwalimu yeyote wa Biharwe."

Mzee Masereka alicheka mpaka kreti likalia.

Nawaambia mabishano hayo kwa sababu ndiyo mnayobishana ninyi. Mmoja anasema baridi ndogo ni neema, mwingine anasema ni hatari, na wote wawili wanapima kitu kisichohusika. Nami niliwahi kupima hivyo hivyo, na gharama yake ilikuwa imekaa pale juu ya kreti.

Niwaambie kwanza nilifikaje kwenye kazi hii. Sikuipenda theluji, sikuijua. Tulifika Nakivale tukiwa wanne, mimi na wadogo zangu watatu, bila baba wala mama. Nilikuwa darasa la sita, na hapo ndipo shule yangu ilipoishia. Nilijifunza kushona viatu kwa mzee mmoja Mrundi pale karibu na Base Camp, kitovu cha kambi yetu, kwa sababu sindano ya viatu hailali njaa na haihitaji shamba. Siku moja Haji Twaha alikuja Misiera na gunia la mabuti makubwa yaliyochanika. Nikashona. Baada ya miezi miwili yakarudi, yamechanika fasi zile zile. Nikashona tena kwa uzi mnene zaidi. Yakarudi tena. Mara ya nne nilikasirika. Nikamwambia Haji nataka kuliona hilo jiwe la mlimani linalokula kazi yangu. Akacheka, akanipa mzigo wa sufuria na akanituma na kundi lililofuata kama mpagazi. Wadogo zangu nikawaachia jirani, nikapanda mlima kwenda kugombana na jiwe.

Kiongozi wa kundi lile alikuwa Mzee Masereka, mtu wa chini ya mlima wenyewe, mfupi, mwenye mikono kama mizizi. Nilimwonyesha buti. Alinichukua hadi ukingoni mwa theluji, akachota kiganja kimoja, akakiminya mbele ya uso wangu. Ikabaki donge.

"Binti, hii leo inashikana," alisema. "Ikishikana, mtu anatembea juu yake, kiatu kinapumzika. Isiposhikana, mtu anaogelea ndani, kiatu kinasugua mawe ya chini. Jiwe halina kosa."

Hilo lilikuwa somo la kwanza. Nilidhani nimelielewa.

Kosa langu lilikuja miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimeshakuwa mwongozaji na Byamungu amekuwa mpagazi wangu, kijana mwenye haraka kwenye kila kitu. Mwaka huo ulikuwa wa baridi kali. Misiera mtu akiosha vyombo vidole vinakufa. Koti la Haji lilitoka mwezi wa tano, na juu yake akafunga shali. Nilikaa dukani nikatangaza kama redio: baridi ya namna hii, barafu itakuwa chuma, huu ndio mwaka. Mzee Masereka aliniuliza, "Nani amekuambia? Umepata habari za juu?" Nikamjibu kwamba habari ziko kwenye pua yangu, inavuja.

Tulipanda. Theluji ilikuwepo, nyeupe, nyingi, ya kupendeza kwenye picha. Lakini ilikuwa imeanguka kavu, na haikuwahi kuloana hata siku moja, kwa sababu baridi haikuachia. Theluji iliyokauka ni kama unga wa muhogo uliomwagwa juu ya sahani iliyolala upande. Unaona mlima umejaa, kumbe kila chembe iko peke yake. Chini ya unga ule palikuwa na ufa katika barafu ya zamani, umefunikwa vizuri kabisa. Byamungu akaukanyaga.

Alikuwa amefungwa kamba, na mtu aliyekuwa nyuma yake kwenye kamba ni Mzee Masereka. Mzee alijitupa chini. Kamba ilimpitia mkononi, ikamvuta, nyonga yake ikagonga mwamba na hapo ndipo alipokwama, na kwa kukwama kwake mdogo wangu akaacha kuanguka. Alimshika muda wote tuliohitaji kufunga kamba ya pili na kumtoa. Hakupiga kelele. Alikuwa anahesabu pumzi kwa lugha yake. Tulipomfungua mkono, vidole viwili havikunyooka, na mpaka leo havijanyooka.

Byamungu alitoka na mkwaruzo wa kidevu. Ndiyo maana anafuga ndevu.

Sasa sikilizeni nilichojifunza kwa bei hiyo, maana kitabuni hakimo. Msiulize baridi ni kubwa au ndogo. Ulizeni mambo mawili: theluji imepata kuloana? Na ikishaloana, imepata kuganda? Nyumbani kwetu tunakula bukari, ugali wa muhogo. Bukari ya moto ukiipiga kidole, kidole kinazama. Ile ile ikilala, asubuhi unaikata kwa kisu na vipande vinasimama. Haikuwekwa kitu kingine, ililala tu. Theluji nzuri ni bukari iliyolala. Mchana jua linaipika, usiku anga linaipoza. Kwa hiyo mwaka wa baridi ndogo unaweza kuwa mzuri kuliko wa baridi kali, kwa sababu mchana theluji inaloana vizuri. Lakini kuna sharti: usiku anga liwe wazi. Mawingu yakilala juu ya mlima ni sawa na kuifunika sufuria. Bukari inabaki ya moto mpaka asubuhi.

Utajuaje kama usiku anga lilikuwa wazi kule juu, na wewe uko Ruti unakunywa chai na Haji? Hapo ndipo penye ufundi, na ufundi huu alinifundisha Mzee Masereka akiwa kitandani, nyonga imefungwa.

Karibu na kibanda cha mwisho kuna kijito kinachotoka kwenye barafu. Katikati yake kuna jiwe bapa. Mpishi wa kibanda, Thembo, anachora alama mbili kwa mkaa: maji yalipofika asubuhi kabla ya uji, na yalipofika baada ya chakula cha mchana. Alama zikiwa mbali, ya asubuhi chini na ya mchana juu, basi mchana kunayeyuka na usiku kunafunga. Mlima unapumua. Zikikaribiana huku maji ni mengi, usiku hakufungi. Zikikaribiana huku maji ni machache, hakuloani kabisa, nao ndio ule mwaka wangu wa unga. Thembo akimaliza kupika anapanda kilima kidogo ambapo simu inashika, ananitumia ujumbe wa sauti. Hapendi maneno mengi. Anapima nafasi kati ya alama kwa vidole: "Nyabo, vidole vinne." "Nyabo, vidole vitano." Basi.

Mwaka ule wa baridi ndogo, Thembo alikuwa ameniletea wiki nzima ya vidole vinne na vitano. Ungeniuliza siku hizo, ningesema Mzee apande kesho. Moyo wangu ulikuwa umeshafunga mizigo. Nilikuwa nimeziloweka kanda za engozi kwa mafuta, nimeshona mto wa kuwekea ile nyonga.

Kisha ukaja ujumbe wa vidole viwili. Nikasema Thembo amechoka, amepima vibaya. Kesho yake kidole kimoja. Na siku ile tukiwa watano dukani, simu ikalia, nikaweka sauti juu wote wasikie.

"Nyabo, leo hakuna kidole. Alama imekaa juu ya alama. Maji mingi. Uji nimepikia ndani ya wingu."

Hata Haji aliacha kujipepea.

Byamungu ndiye aliyeanza. "Siku tatu tu, Yaya. Mbele ya hapo ilikuwa muzuri wiki nzima. Mawingu yanaenda, yanarudi. Tukifika kule yatakuwa yametoka."

"Na yasipotoka?"

"Tutangojea kwa kibanda."

"Wewe utangoja. Walimu watangoja, wana mapafu ya kungojea. Mzee je? Unyevu ule, usiku mbili tatu, kifua chake? Na mukimubeba juu ya theluji laini, kila mutu anazama mpaka paja, mmoja kushoto, mmoja kulia. Engozi itakaa sawa?"

"Weye unaogopa juu ya mambo ya zamani!" Alisimama. "Mimi ndiye nilianguka, Yaya, hapana weye. Mimi ndiye Mzee aliniokoa. Unataka nimulipe lini? Akishakuwa kipofu nimupeleke aguse nini?"

Alikuwa anasema kweli. Nilikuwa naogopa. Lakini mtu anaweza kuogopa na bado alama ikawa imekaa juu ya alama. Niliwaza: ningekuwa simpendi huyu mzee, ningesema nini? Ningesema hapana, bila hata kufikiri. Basi mapenzi yangu yasinisomee kijito.

"Mzee," nikamwambia, "hapana. Si mara hii."

Mzee Masereka aligeuza uso kuelekea sauti yangu. Kisha akauliza, kana kwamba anauliza bei ya chumvi, "Thembo alisema maji ni mingi au kidogo?"

"Mingi."

"Na alama juu ya alama?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi ingekuwa mimi, ningesema vile vile." Akampapasa Byamungu mkononi kwa vile vidole viwili vilivyojikunja. "Kaa chini, kijana. Mwaka ule dada yako alisoma pua yake. Leo amesoma maji. Mimi nimefurahi."

Hakuwa amefurahi. Niliona alivyoshika fimbo. Lakini alisema, na Haji akamletea chai yenye tangawizi nyingi, na Mwalimu Kemigisha akajidai anaangalia kitu kwenye simu ili apanguse macho.

Nilifikiri mara mbili kama niwaandikie kilichofuata, kwa sababu wazee wengi tukisimulia tunapenda tuonekane tulikuwa sahihi.

Walimu waliondoka na Byamungu baada ya siku mbili, kwa makubaliano kwamba wangesubiri kibandani, na anga lisipofunguka wangerudi. Mzee Masereka alipanda gari moja nao mpaka nyumbani kwake chini ya mlima, akashuka, akawapungia. Walipofika juu, anga likafunguka. Vidole vitatu, vinne, vitano. Siku ya kupanda, Byamungu alinitumia ujumbe akiwa ukingoni mwa theluji, na kabla hajasema neno nilisikia vyuma vikigonga chini yake. Enyi mlioanza kazi, sauti hiyo mtaijua. Theluji mbaya hainong'oni hata kidogo chini ya kiatu, nzuri inalia kama mtu anayetafuna muwa.

"Unasikia, Yaya?" alisema.

Mwalimu Kemigisha alifika kileleni na wenzake wote. Alirudi Ruti na midomo iliyopasuka na akamkabidhi Haji viatu kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.

Nilisafiri hadi kwa Mzee kumwambia mwenyewe, sikutaka aambiwe na simu. Nilimkuta anachambua maharage kwa kupapasa. Nikamwambia: Mzee, ilifunguka. Ungefika. Alichambua maharage mengine kumi hivi kabla ya kujibu.

"Ulisoma kilichokuwepo," alisema. "Kilichokuwa hakijakuja, hakuna mtu anakisoma." Kisha akaniuliza kama wanaume wanne bado wapo.

Nikamwambia wapo.

Kwa hiyo nikiulizwa leo kama baridi ndogo ni mwaka mzuri, najibu: sijui, Thembo amesemaje? Na Thembo akisema, najaribu kusikia alichosema, sio ninachotaka. Mara mbili nimemsomea Mzee Masereka theluji. Mara ya kwanza nilikosea, na mdogo wangu akarudi mzima kwa mwili wa mwingine. Mara ya pili nilisoma ilivyo, na Mzee akakosa siku yake. Ya kwanza inaniuma zaidi. Ya pili ndiyo inayoniamsha mapema.

Engozi inaning'inia dukani kwa Haji, juu ya rafu ya mabuti. Kila nikienda Ruti nazipaka kanda mafuta. Mwaka jana nilipunguza mto wa nyonga kwa sababu Mzee amekonda, na mwaka huu nimeupunguza tena. Jicho moja limeshazimika. Lingine, anasema, bado linaona kitu cheupe kikiwa kikubwa.

Asubuhi hii hapa Misiera kuna joto, na Haji amenipigia kunitangazia kuwa koti limelala. Sijamjibu. Nasubiri Thembo amalize uji wake apande kilima. Jana alisema vidole vitatu.